Phoenix, Julai 2023: joto lililotabiriwa sawasawa

Jumatatu ya Julai 31, 2023, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa Sky Harbor mjini Phoenix, Arizona, kiliishia nyuzi 42.2 za Selsiasi, na watangazaji wa televisheni wakaipokea habari hiyo kama watu walioletewa mvua. Walikuwa na haki yao. Tangu Juni 30, siku 31 mfululizo, haikupita siku ambayo joto la mchana lilishindwa kufika 43.3. Rekodi iliyokuwapo kabla ya hapo, ya Juni 1974, ilikuwa siku 18 tu.

Nina ugomvi kidogo na hiyo 43.3. Ni 110 kwa kipimo cha Farenhaiti wanachotumia Wamarekani, na ilipewa heshima hiyo kwa sababu inatamkika vizuri. Mwili wa binadamu hauijui. Mtu aliyelala kando ya barabara Julai 30 hakupata nafuu ya maana Julai 31. Lakini hesabu ya siku ilipokatika, kwa watazamaji wengi kisa kikawa kimekwisha. Kwa upande wa vifo, kuhesabu ndiyo kwanza kulikuwa kunaanza.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ya jambo linalonikera. Watu wakifa kwa hali ya hewa, kauli ya kwanza tunayoisikia ni kwamba hawakuonywa, na mara nyingi ni kweli. Phoenix walionywa. Utabiri wa kila siku ulikuwa mzuri, ulitoka mapema, uliingia kwenye simu, redio na televisheni asubuhi na jioni. Bado kaunti ya Maricopa, ambayo Phoenix ndiyo mji wake mkuu, ilifunga mwaka ule na vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Mwaka uliotangulia vilikuwa 425. Mwaka 2014 vilikuwa 61. Utabiri ukipatia namna hiyo na watu wakafa namna hiyo, ulikuwa unapima nini?

Mji uliojengwa juu ya kiyoyozi

Phoenix uko katika jangwa la Sonora, kwenye bonde la mto Salt, mita 330 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima mikavu imeuzunguka. Jiji lenyewe lina watu wapatao milioni 1.6, ukijumlisha miji iliyogusana nalo wanakaribia milioni 5.

Sisi wa mwambao tukiambiwa nyuzi 43 huwa tunachukua joto la Februari la Dar es Salaam na kuliongezea chumvi. Hesabu haiendi hivyo. Joto letu la kaskazi ni la fukuto: nyuzi 33 tu, lakini shati limenata mgongoni na jasho linatiririka bila kukauka. La Sonora ni kavu. Jasho linakauka kabla hujaliona, ngozi inabaki na vumbi la chumvi, na mtu anaweza kudhani hajatoka jasho kumbe ameshapoteza maji mengi mno. Ukiwa kivulini, na maji ya kunywa, na afya yako nzima, huenda ukaona ni afadhali kuliko hari ya Tanga. Wenyeji wa Arizona wana msemo wao wa kujifariji: hili ni joto kavu tu.

Msemo huo una mpaka wake. Hewa ikipita nyuzi 35 hivi, ngozi ya mtu inakuwa baridi kuliko hewa inayomzunguka. Pangaboi linalotuokoa Mombasa, kule linakupulizia moto usoni kama mtu anayevuvia jiko. Maji ya kujimwagia yanasaidia, kivuli kinasaidia, lakini ndani ya nyumba iliyopikwa na jua tangu asubuhi kinachobaki ni kiyoyozi. Kwa hiyo mashine ambayo kwetu ni dalili ya mwenye nacho, Phoenix iko fungu moja na bomba la maji. Mwaka 2018, katika kitongoji kimoja nje ya jiji, mwanamke wa miaka 72 alikutwa amekufa nyumbani kwake baada ya kukatiwa umeme kwa deni lililobakia la dola 51. Alikuwa ameshalipa sehemu kubwa ya deni lile. Mwaka uliofuata tume ya jimbo inayosimamia huduma za umeme ilizuia kukatia watu umeme katika miezi ya kiangazi. Ukitafuta tarehe ambayo Arizona ilikiri rasmi kwamba umeme wa kiyoyozi ni uhai, ningekuonyesha hiyo.

Msimu ambao haukuja

Kiangazi cha Phoenix kina sehemu mbili. Juni ni kukavu na anga jeupe. Halafu, kwa kawaida mapema Julai, upepo unageuka, unyevu unapanda kutoka Mexico na Ghuba ya California, mawingu ya ngurumo yanajikusanya juu ya milima alasiri, na baadhi yake yanashuka bondeni na upepo, vumbi na mvua ya ghafla. Wenyeji wanauita wakati huo "monsoon". Neno hilo ni ndugu wa neno letu *msimu*: yote mawili yametoka kwenye *mausim* ya Kiarabu, moja likabaki huku mwambaoni na jingine likachukuliwa na mabaharia Wareno hadi kuwafikia Waingereza. Nahodha aliyekuwa akingoja kaskazi Muscat ili aje Zanzibar, na mtu wa Arizona anayetazama mawingu ya Julai, wanangojea kwa jina lile lile.

Kwenye vitabu vya Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, msimu huo unaanza Juni 15 na kuisha Septemba 30. Katika siku hizo Phoenix hupata kwa kawaida milimita 62 hivi za mvua. Mwaka 2023 kituo cha Sky Harbor kilipata chini ya 4. Tangu kumbukumbu zianze mwaka 1895, haujawahi kuandikwa msimu mkavu kuliko ule.

Kisa cha siku 31 kimo humo. Huko juu angani, kilomita tano au sita kutoka ardhini, kila kiangazi hukaa eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa kusini-magharibi mwa Marekani. Likikaa mahali pake pazuri, karibu na pale yanapokutana majimbo manne ya Arizona, Utah, Colorado na New Mexico, upepo unaolizunguka unaivutia Arizona unyevu kutoka kusini. Likisogea na kukaa juu yako mwenyewe, mambo yanageuka. Hewa inashuka. Hewa inayoshuka inabanwa, na ikibanwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila kilomita moja. Mawingu yanayojaribu kuota yanayeyuka. Jua linapiga ardhi ambayo haina hata tone la kukausha, hivyo nguvu yake yote inaishia kupasha hewa, na hewa iliyopashwa inauimarisha mgandamizo ule ule ulioileta. Wamarekani wanaiita hali hiyo kuba la joto. Mimi naona sufuria iliyofunikwa, na kifuniko chenyewe kinazidi kuwa kizito kadiri sufuria inavyochemka.

Julai 2023 kuba lilikaa vibaya, na likakaa muda mrefu. El Niño ilikuwa imetangazwa kuanza mwezi Juni, na miaka ya namna hiyo ina sifa ya kuchelewesha mvua za Arizona. Sitaki kuibebesha El Niño kila kitu. Kilichoukausha mji ule kwa wiki zile kilikuwa mahali kuba lilipotua.

Kilichokuwa rahisi na kilichokuwa kigumu

Joto la juu la mchana jangwani ni miongoni mwa mambo mepesi kutabiri katika kazi nzima ya hali ya hewa. Hakuna wingu la kuja kuharibu hesabu, hewa ni kavu, jua linachomoza pale pale. Ukishajua kuba liko wapi na lina nguvu gani, kilichobaki karibu ni hesabu ya dukani. Watabiri wa ofisi ya Phoenix wanatazama modeli, yaani programu za kompyuta zinazopiga hesabu ya hewa ijayo, za Marekani na ile ya kituo cha Ulaya, na kila modeli inaendeshwa mara nyingi, kila mara ikianzia mahali tofauti kidogo, ili waone kama majibu yanatawanyika au yanakubaliana. Kuba kubwa linalotembea polepole huyafanya majibu hayo yakubaliane. Ndiyo maana onyo liliweza kutolewa siku kadhaa mbele na kurefushwa tena na tena, bila mtu wa ofisini kutokwa na jasho.

Mvua ndiyo iliyokuwa ngumu. Wingu la ngurumo linaweza kuwa dogo kuliko kijisanduku cha ramani ambacho modeli ya dunia nzima inakitumia kupiga hesabu. Linategemea unyevu umepanda kiasi gani bondeni usiku uliopita, na upepo uliotoka kwenye dhoruba ya jana umeelekea mlima gani. Utabiri wa msimu mzima, ule unaotolewa miezi mitatu mitatu, hausemi mvua itanyesha lini. Unasema tu kama mizani imeinamia ukavu au unyevu. Mtu mwenye paa bovu hana la kufanya na mizani iliyoinama. Anataka kujua kama wiki ijayo kutapoa, na hilo ndilo swali ambalo lilikuwa gumu kuliko yote.

Katikati ya mwepesi na mgumu kuna usiku, na hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Saa kumi za alfajiri

Julai 19, 2023, saa iliyokuwa ya ubaridi kuliko zote katika siku nzima ya Phoenix ilikuwa na nyuzi 36.1. Nairudia kwa namna nyingine: saa ambayo mtu anaamka kutafuta shuka, hewa ya nje ilikuwa karibu sawa na damu ya mwilini. Haijawahi kuandikwa hivyo tangu mji uanze kupimwa. Siku hiyo hiyo mchana ulipanda hadi 48.3, na namba hiyo ndiyo iliyopata vichwa vya habari.

Kwa usiku 16 mfululizo mwezi huo, joto la chini halikushuka hadi 32. Na wastani wa Julai yote, mchana na usiku, ulikuwa 39.3. Hapo ndipo nilipousimamisha usomaji wangu nikahakikisha sikusoma vibaya, maana wastani unachanganya saa tisa za alasiri na saa kumi za alfajiri. Hakuna jiji la Marekani lililowahi kupata mwezi wa joto kama huo.

Jangwa la kweli halifanyi hivyo. Hewa kavu isiyo na mawingu huachia joto lake haraka jua likizama. Aliyelala Turkana au Ogaden anajua kuwa mchana wa moto una usiku wa nafuu. Phoenix iliwahi kuwa hivyo pia. Kisha ikatandikwa lami na zege kilomita kwa kilomita, na lami inakunywa jua mchana kutwa halafu inalitema usiku kucha. Viyoyozi vyenyewe vinatoa joto la vyumbani na kulimwaga mtaani, kwa asiye na chumba. Mara nyingine mabaki ya mawingu ya ngurumo zilizonyesha mbali huja yakatanda juu ya jiji usiku, hayana mvua, yana kazi moja tu ya kuwa blanketi.

Kwa nini usiku una uzito kuliko mchana? Moyo wa mtu mwenye joto unafanya kazi ya ziada kuipeleka damu kwenye ngozi ikapoe. Mchana mmoja, moyo wa mzima unaimudu. Deni hilo hulipwa usiku, hewa ikipoa na mwili ukashuka. Usiku usipopoa, deni linahamia siku ya pili, na ya tatu, na mzee mwenye presha anaanza siku ya kumi akiwa kama amekimbia siku tisa bila kupumzika. Anayekufa siku ya kumi na tano mara nyingi alianza kufa siku ya sita. Kipimajoto cha siku ya kumi na tano hakitakuambia hilo.

Hata mimea ilitoa ushahidi. Saguaro, yale madungusi marefu yenye mikono ambayo ni nembo ya Arizona, hufungua vinyweleo vyake usiku, wakati wa ubaridi, ili yavute hewa bila kupoteza maji. Usiku ule hayakupata ubaridi wa kufungulia. Katika bustani ya mimea ya jangwani mjini humo, saguaro zilianza kudondosha mikono na kuanguka. Mmea ulioumbwa kwa ajili ya jangwa hilo ulishindwa na usiku wa mji.

Waliokufa

Katika wale 645, karibu nusu hawakuwa na makazi. Katikati ya jiji palikuwa na kambi ya mahema mamia kadhaa, kwenye vichochoro vya lami, na amri ya mahakama ya kuiondoa ilikamilika kutekelezwa Novemba, joto likiwa limeshapita. Hospitali yenye kitengo maalumu cha majeraha ya moto ilipokea watu walioungua kwa kuanguka barabarani tu. Lami ya alasiri inaweza kupita nyuzi 70, na mzee aliyeteleza akashindwa kuinuka hahitaji dakika nyingi.

Takriban theluthi mbili ya waliokufa walikuwa na miaka 50 au zaidi. Katika idadi inayofanana na hiyo, dawa za kulevya au pombe vilichangia. Dawa aina ya methamfetamini inapandisha joto la mwili na kumnyima mtu hisia ya kujihami. Najua baadhi ya wasomaji wakifika hapa huwa wanalegeza huruma. Ni haki yao, ila wakumbuke kwamba dawa hizo zipo pia Januari, na Januari joto halimuui mtu.

Fungu linaloniuma zaidi ni kama robo, waliokufa ndani ya nyumba. Wengi wao walikuwa na kiyoyozi. Kilikuwa kimekufa, au hakikuwashwa, au hakukuwa na umeme wa kukiwasha. Wakazi wa nyumba za bati zinazokokotwa kwa gari, ambazo ni sehemu ndogo tu ya makazi ya kaunti, walionekana katika fungu hili kupita kiasi chao. Hawa walikuwa wametii onyo. Onyo lilisema kaeni ndani.

Kisha kuna suala la kuhesabu. Kifo cha joto hakijitangazi. Mtu amekutwa kitandani, ana ugonjwa wa moyo, chumba kina nyuzi 40. Daktari wa kaunti anahitaji wiki, mara nyingi miezi, kabla ya kuandika neno joto kwenye cheti. Mwisho wa Julai vilikuwa vimethibitishwa vifo makumi tu, na mamia vikiwa bado vinachunguzwa. Hesabu kamili ilikuja mwaka uliofuata. Kwa hiyo mtabiri anajua kesho yake asubuhi kama alipatia nyuzi, lakini kujua kama onyo lake lilimwokoa mtu anasubiri hadi watu wamesahau. Hakuna kazi inayoweza kujirekebisha vizuri ikiwa jibu la kwanza linaletwa kila saa na la pili kila mwaka.

Rangi ya zambarau

Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani haikuwa imelala. Kabla ya 2023 ofisi zake za magharibi zilikuwa zimeshaacha kutegemea namba moja ya mchana, zikatumia kipimo kinachoitwa HeatRisk. Kinatazama joto la siku hiyo ni la ajabu kiasi gani kwa mahali hapo na kwa wakati huo wa mwaka, joto hilo litadumu siku ngapi, na usiku utapoa au hautapoa. Majibu yanatoka kwa rangi tano, kuanzia kijani hadi zambarau iliyoiva. Ni kazi nzuri. Nyuzi 40 za Mei, watu hawajazoea, zinaweza kupewa rangi nzito kuliko nyuzi 41 za Agosti, na hivyo ndivyo mwili unavyoona.

Ila zambarau ikikaa kwenye ramani wiki baada ya wiki inageuka kuwa rangi ya ukuta. Nchini Tanzania Mamlaka ya Hali ya Hewa ina ngazi tatu, Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa, na zimekusudiwa kwa mambo yanayopita: mvua ya siku mbili, upepo wa pwani wa siku tatu. Jaribu kuwaza Tahadhari Kubwa ya mwezi mzima. Siku ya pili unanunua maji. Siku ya ishirini unakwenda kazini, maana kodi ya nyumba haijasimama.

Hapa ndipo ninapoona kosa la kisa hiki, na watabiri si wenye kosa peke yao. Onyo lilielekezwa kwa mtu mmoja mmoja: kunywa maji, kaa kwenye baridi, mjulie hali jirani. Yule mwenye kiyoyozi kizima alikuwa akifanya hivyo tayari, na asiyekuwa nacho hakuwa na pa kulitekelezea. Kaunti ilikuwa na mtandao wa vituo vya kupoza, maktaba, makanisa, kumbi za wazee, ambako mtu angeweza kuingia akapumzika. Mwaka 2023 vingi kati ya hivyo vilifungwa jioni, na vingine wikendi. Utabiri unasema saa nne za usiku kutakuwa na nyuzi 40. Mlango unasema tunafunga saa kumi na moja. Phoenix ilikuwa jiji la kwanza Marekani kuanzisha, mwaka 2021, ofisi yake yenyewe ya kushughulikia joto, yenye wataalamu wanaojua haya kuliko mimi. Hata hivyo ratiba ya milango ilipangwa kwa saa za watumishi. Ilipaswa kupangwa kwa joto la chini la usiku, namba ambayo mtabiri alikuwa nayo mezani siku tatu kabla.

Gavana Katie Hobbs alitangaza hali ya dharura ya joto Agosti 11. Siku 31 zilikuwa zimeshaisha.

Kuna jambo jingine linalotugusa sisi wenye lugha hii. Phoenix imepokea Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, baadhi yao waliokaa miaka mingi katika kambi kama Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kupelekwa Marekani. Aliyezaliwa kwenye vilima vya Kivu hana kumbukumbu yoyote mwilini ya usiku wa nyuzi 35. Maonyo ya idara wakati ule yalitoka kwa Kiingereza, na kwa Kihispania. Hata yakitafsiriwa, nimejaribu kuliandika mwenyewe: "onyo la joto kali kupindukia". Halisemi kitu. Mtu wa Kongo ameshaona joto kali. Kinachomfaa ni sentensi ya mtu wa nyumbani: mashine ya baridi ikiharibika usilale humo ndani hata kama ni usiku, wachukue watoto na mama mkubwa, nendeni mahali fulani, pamefunguliwa hadi asubuhi. Sasa ona shida ya sentensi hiyo. Maneno yake ya mwisho hayakuwa kweli mwaka 2023, na mkalimani hawezi kuyatafsiri yakawa kweli.

Mwaka uliofuata

Kiangazi cha 2024 kilikuwa kibaya zaidi kwa hesabu ya kipimajoto. Siku 113 mfululizo, kuanzia mwisho wa Mei hadi katikati ya Septemba, hazikukosa kufika nyuzi 37.8. Siku zilizofika 43.3 zilikuwa 70 kwa mwaka mzima, ikilinganishwa na 55 za mwaka 2023. Kwa mantiki ya namba hizo, vifo vilitakiwa vipande tena kama vilivyopanda karibu kila mwaka kwa muongo mzima. Vilishuka hadi 608.

Tofauti ya 37 si ushindi, na sitaki kuipigia ngoma. Lakini ukiangalia kilichobadilika, utabiri haukubadilika sana. Tayari ulikuwa mzuri. Jiji lilifungua vituo vya kupoza vinavyokesha usiku kucha. Kikosi cha zimamoto kilianza kubeba mifuko ya barafu ya kumlaza ndani yake mtu aliyezimia kwa joto, pale pale barabarani, kabla ya kufika hospitali, kwa kuwa kila dakika ubongo ukiwa juu ya nyuzi 40 inahesabika. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu upande wa pili wa ile namba ya usiku.

Umeme nao uliendelea kuwaka miaka yote miwili, na hilo halisemwi vya kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ukiongozwa na Brian Stone wa chuo kikuu cha Georgia Tech, ulikadiria kwamba umeme ukikatika jiji zima wakati wa wimbi kubwa la joto, watu wapatao 800,000 wa Phoenix wangehitaji huduma ya dharura. Hospitali za jiji hilo zina vitanda elfu chache.

Mtandao wa vituo vya kupoza una msimu wake rasmi, Mei 1 hadi Septemba 30. Septemba 28, 2024, Sky Harbor ilipima nyuzi 47.2, joto ambalo halijawahi kuonekana hapo tarehe za mbali kiasi hicho. Kuanzia Septemba 24 hadi Oktoba 14, siku 21, kila siku ilifikia au kuvunja rekodi ya tarehe yake. Wiki mbili za siku hizo ziliangukia nje ya kalenda.